Ahmadiyya ni nini, na Mirza Ghulam Ahmad alidai nini hasa

Ahmadiyya ni jumuiya ya kidini iliyoanzishwa mwaka 1889 huko Punjab, India, na Mirza Ghulam Ahmad wa mji mdogo wa Qadian. Wafuasi wake hujiita Waislamu wa Ahmadiyya. Waislamu walio wengi duniani hawawahesabu kuwa Waislamu, na mitaani huwaita Makadiani, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi. Mkazi wa Arusha hutaja jina la Muahmadiyya mmoja mara kwa mara bila kujua: Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja wa mpira wa jijini umepewa jina lake, alikuwa mbashiri, yaani mmisionari, wa jumuiya hii. Hata hivyo mada hii ikizuka kwenye mhadhara, iwe Arusha au Moshi, sauti hupanda kabla watu hawajakubaliana wanabishania kitu gani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mirza Ghulam Ahmad alizaliwa mwaka 1835 katika ukoo wa wenye ardhi ambao mali yao ilikuwa imepungua sana. Hakusoma kwenye chuo kikubwa cha dini. Alifundishwa nyumbani Kurani, Kiajemi na Kiarabu na walimu walioajiriwa na baba yake. Kati ya 1864 na 1868 alifanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya serikali ya Waingereza mjini Sialkot, na huko ndiko alikoanza kujadiliana na wamisionari wa Kikristo. Punjab ya wakati ule ilikuwa uwanja wa mijadala. Wamisionari walikuwa wakihubiri sokoni, Wahindu wa Arya Samaj wakichapisha vijitabu vya kuushambulia Uislamu, na Waislamu wakitafuta mtu wa kuwajibu.

Yeye akajibu kwa maandishi. Mwaka 1880 alianza kutoa kitabu cha kuutetea Uislamu, akaahidi majuzuu 50 na kupokea malipo ya awali kutoka kwa wasomaji. Manne yalitoka hadi 1884, kisha kimya cha zaidi ya miaka 20, ndipo likaja la tano na la mwisho. Katika hilo la tano aliandika kwamba ahadi imetimia, kwa kuwa tofauti ya 50 na 5 ni nukta tu. Kwa tarakimu za Kiurdu sifuri huandikwa kama nukta, kwa hiyo kimaandishi sentensi hiyo ina mantiki yake. Kwa aliyelipia majuzuu 50 ni habari nyingine, na wapinzani hawajaacha kuikumbusha hadi leo. Haki ni kusema pia kwamba majuzuu ya kwanza yalipotoka, baadhi ya maulamaa waliokuja kumpinga vikali ndio waliomsifu.

Linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba aliamka siku moja akasema yeye ni nabii. Madai yake yalikuja kwa ngazi, na kila ngazi imeegemea iliyo chini yake. Mwaka 1882 alisema anapokea ilhamu na ametumwa kuihuisha dini, yaani mujaddid wa karne. Dai hilo pekee lisingemtoa mtu katika Uislamu, kwani historia ina maulamaa wengi walioitwa mujaddid. Tarehe 23 Machi 1889, mjini Ludhiana, alipokea baiati (kiapo cha utii) ya watu 40 wa mwanzo kwa masharti 10 aliyoyaandika. Wa kwanza kushika mkono wake alikuwa tabibu Hakim Nur-ud-Din. Hata hapo bado angeweza kutazamwa kama shehe wa tarika na muridi wake.

Mwaka 1891 ndipo mambo yalipogeuka. Alitangaza kwamba Nabii Isa amekufa kifo cha kawaida, hayuko mbinguni kwa mwili, na kwamba yule Masihi anayesubiriwa na Mahdi, kiongozi mwongofu wa zama za mwisho, ni mtu mmoja, naye ndiye huyo. Mwaka 1901 akaandika waziwazi kwamba anaitwa nabii, lakini nabii wa kivuli: asiye na sheria mpya, aliyepata daraja hiyo kwa kumfuata Mtume Muhammad (s.a.w.) tu.

Ukitaka kuelewa kwa nini Waahmadiyya huanza mjadala na kifo cha Nabii Isa badala ya Mirza, sababu ni hii. Kama Isa yu hai mbinguni, basi atakayeshuka ni yeye mwenyewe, na hakuna nafasi ya mtu wa Qadian. Kama amekufa, anayesubiriwa lazima awe mtu mwingine mwenye sifa zake. Ngazi ya chini ikiondolewa, za juu hazina pa kusimama.

Hoja zao hapa hutegemea aya chache za Kurani. Aal Imran 55 ina neno mutawaffika, ambalo wao hulitafsiri "nitakufisha", na al-Maida 117 ina neno la mzizi huohuo kwenye kauli ya Isa mwenyewe. Masuni hujibu kwamba mzizi huo maana yake ni kuchukua kitu kikamilifu, kwamba Kurani imeutumia hata kwa usingizi, na kwamba an-Nisa 157 na 158 zinasema hawakumuua wala hawakumsulubu bali Allah alimnyanyua kwake. Waahmadiyya hufuatisha na maelezo ya kihistoria: Isa aliwekwa msalabani akiwa hai, akatolewa akiwa amezimia, akaponywa majeraha, akasafiri kuelekea mashariki na kufia Kashmir. Kaburi wanalolitaja liko mtaa wa Khanyar, Srinagar. Mkristo wa Moshi akisikia hayo anakuta amepingwa pamoja na jirani yake Muislamu, kila mmoja kwa upande wake.

Dai la unabii ndilo zito zaidi. Al-Ahzab 40 inamwita Mtume Muhammad (s.a.w.) khatamannabiyyin, yaani muhuri wa manabii. Ijmai (makubaliano) ya Waislamu ni kwamba yeye ndiye wa mwisho, hakuna nabii wa aina yoyote atakayepewa utume baada yake, na hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume anajifananisha na tofali la mwisho la kukamilisha jengo, inalieleza hilo wazi. Waahmadiyya wanaikubali aya lakini wanasema muhuri una maana ya ukamilifu na uthibitisho: nabii mwenye sheria mpya hawezi kuja, nabii mfuasi anaweza. Hujitetea kwa hadithi ya Sahihi Muslim inayomwita Isa atakayekuja "nabii wa Allah". Jibu la Masuni ni fupi: Isa alipewa unabii kabla ya Muhammad, kwa hiyo kurudi kwake hakuongezi nabii mpya. Mjadala ukifika hapa umefika kwenye mfupa, na mengine yote ni nyama ya pembeni.

Nyama hiyo ya pembeni hata hivyo ndiyo iliyomfanya azungumzwe India nzima. Alikuwa akitoa utabiri wenye tarehe. Mwaka 1893, baada ya mdahalo wa siku 15 mjini Amritsar na Mkristo Abdullah Atham, alitabiri kwamba mpinzani wake angeangamia ndani ya miezi 15 asipoielekea haki. Muda ukaisha Atham yuko hai, akafa mwaka 1896. Wafuasi husema aliogopa na kunyamaza, kwa hiyo sharti lilifanya kazi. Wapinzani husema utabiri ulianguka. Mwaka huohuo wa 1893 alimtabiria kifo ndani ya miaka 6 mhubiri wa Arya Samaj, Lekh Ram, ambaye aliuawa kwa kisu Lahore tarehe 6 Machi 1897. Polisi walipekua nyumba ya Mirza wasipate la kumshtaki. Mwaka 1907 alitangaza dua kwamba kati yake na shehe mpinzani wake, Sanaullah wa Amritsar, mwongo afe wakati mkweli yu hai. Mirza alifariki Lahore tarehe 26 Mei 1908. Sanaullah aliishi hadi 1948. Waahmadiyya hueleza kwamba ile ilikuwa changamoto ya maapizano ambayo Sanaullah aliikataa, hivyo haikumfunga yeyote. Kwa tathmini yetu hoja za utabiri hazimhamishi mtu yeyote, kwa sababu kila mmoja ana sharti la kujitetea nalo.

Kuna pia kupatwa kwa mwezi na jua ndani ya Ramadhani moja ya mwaka 1894, ambako yeye alikuchukulia kuwa ishara ya Mahdi. Kupatwa kwenyewe ni kweli kulitokea. Ubishi uko kwenye nguvu ya riwaya ya ishara hiyo, iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Daraqutni, na kwenye tarehe zinazotajwa ndani yake.

Suala la jihadi lilimletea uadui wa aina nyingine. Alifundisha kwamba jihadi ya upanga imesimamishwa katika zama hizi kwa kuwa hakuna anayewazuia Waislamu kuswali, na aliisifu serikali ya Uingereza kwa uhuru huo. Wapinzani wa ukoloni walimwita kibaraka. Ni shutuma inayorudiwa sana hata kwetu, ila ukiisikia bila ufafanuzi wa itikadi ujue msemaji anapita njia ya mkato.

Baada ya kifo chake Nur-ud-Din alikuwa khalifa wa kwanza. Alipofariki mwaka 1914 jumuiya ikagawanyika. Kundi la Lahore chini ya Maulana Muhammad Ali lilisema Mirza alikuwa mujaddid tu. Kundi kubwa likabaki na khalifa na itikadi ya unabii. Khalifa wa sasa, wa tano, ni Mirza Masroor Ahmad, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2003 na anaishi Uingereza.

Uimara wa jumuiya hii unatokana sana na utaratibu wa michango. Mwanachama mwenye kipato anatakiwa kutoa sehemu 1 ya 16 ya kipato chake. Anayepata shilingi 480,000 kwa mwezi atatoa 30,000, anapewa risiti. Aliyeandika wasia kwa mpango ulioanzishwa na Mirza mwaka 1905 hutoa angalau sehemu 1 ya 10, yaani 48,000, na anaacha walau fungu kama hilo katika mirathi. Mkutano wa mwaka, Jalsa Salana, una mchango wake wa sehemu 1 ya 120 ya kipato cha mwaka: kwa mtu huyohuyo ni 48,000 nyingine. Wanachama wamegawanywa kwa umri na jinsia, kila kundi na viongozi wake: watoto wa kiume, vijana hadi miaka 40, wazee, na wanawake.

Afrika Mashariki ilipata mbashiri wake wa kwanza wa kudumu mwaka 1934, Sheikh Mubarak Ahmad, na Tabora ikawa kituo chao kikuu Tanganyika. Mwaka 1953 walitoa Kurani kwa Kiswahili, tafsiri kamili ya kwanza iliyotoka kwa watu wanaojiita Waislamu. Iliyotangulia, ya 1923, ilikuwa ya mmisionari Godfrey Dale. Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliikosoa vikali ile ya 1953, na tafsiri yake mwenyewe ikatoka kamili mwaka 1969. Msomaji wa Kiswahili alinufaika na ugomvi huo kuliko pande zote mbili. Amri Abedi (vitabuni jina huandikwa hivyo) alisaidia kazi ya 1953, akasomea dini Pakistani, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964.

Pakistani ilibadili katiba mwaka 1974 ikawatangaza kuwa si Waislamu, na amri ya 1984 ikawazuia hata kuyaita majengo yao misikiti. Tanzania haina sheria ya namna hiyo.

Sasa yale yanayowakwamisha watu huku kwetu. Si kweli kwamba wana kalima nyingine, Kurani nyingine, au kwamba hija yao ni Qadian. Kalima ni ileile, swala ni tano, kibla ni Makka. Lakini ni kweli kwamba Muahmadiyya haswali nyuma ya imamu asiye Muahmadiyya, na ni agizo la Mirza mwenyewe. Ukimwona amekaa pembeni swala ya jamaa inaposimama, hajasusa msikiti wenu peke yake. Binti wa Kiahmadiyya haruhusiwi na jumuiya yake kuolewa nje, na mashehe wa Kisuni nao hawafungishi ndoa hiyo. Wanaochumbiana wakificha hili hadi wiki ya mahari, aibu huwa ya familia mbili. Kwenye msiba, swala ya jeneza ndiyo hugombanisha. Kuchimba kaburi, kubeba, kupika na kutoa rambirambi havina ubishi, na majirani hushirikiana kama kawaida.

Kwenye midahalo kuna tatizo dogo linalopoteza nusu saa nzima. Nakala za Kiahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura yenye Bismillahi mwanzoni. Katika nakala iliyozoeleka hilo hufanyika kwenye al-Fatiha tu. Kwa hiyo namba zao huzidi kwa moja: Aal Imran 55 kwao ni 56, an-Nisa 157 ni 158, al-Ahzab 40 ni 41. At-Tawba haina Bismillahi, na al-Fatiha inalingana pande zote. Mtu akitajiwa namba, akafungua na kukuta aya nyingine, hudhani amedanganywa. Asogee aya moja nyuma au mbele kulingana na nakala aliyoshika, atakuta maneno ya Kiarabu ni yaleyale.