Historia ya tiba si somo la mwalimu mmoja: dhana potofu na ukweli

Kila ninapomshawishi mwalimu mwenzangu hapa Dodoma tufundishe historia ya tiba kwa kushirikiana, napata majibu yaleyale. Nayajibu hapa.

"Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Baiolojia."

Baiolojia itaeleza kimelea cha kipindupindu. Haitaeleza kwa nini mwaka 1854 mtaa wa Broad Street, London, ulizika mamia ya watu huku wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha hapohapo wakinusurika. Daktari John Snow aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani, na alama zikasongamana kuzunguka pampu moja ya maji. Watu wa kiwandani walikuwa na kisima chao, tena walikunywa bia. Hapo mwalimu wa Jiografia ana kipindi kizima cha kusoma ramani.

Na tusikuze hadithi. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kwa sababu wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Snow mwenyewe alikiri hivyo.

"Tiba ya kisasa yote ilitoka Ulaya."

Mwanzoni mwa karne ya 18 huko Boston, Mwafrika mtumwa aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, Cotton Mather, kwamba kwao watu walikingwa dhidi ya ndui kwa kuingiziwa usaha wa mgonjwa kwenye mkato wa ngozi. Ndui ilipolipuka mwaka 1721, maarifa hayo yakatumika mjini humo. Edward Jenner na chanjo yake ya ndui ya ng'ombe alikuja mwaka 1796. Mwalimu wa Kiswahili aulize darasa neno chanjo limetoka wapi. Wataona wenyewe: kuchanja, kukata ngozi.

"Huku kwetu hakuna historia ya tiba."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu Kongwa iko hapa mkoani kwetu, na wataalamu wa macho wa mbali wanaijua kuliko wanafunzi wetu.

Trakoma, tunayoiita vikope, husambazwa na mikono, vitambaa na inzi wanaotua kwenye matongotongo ya watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka linapofuka. Watafiti walipofika Kongwa miaka ya 1980 walikuta kikwazo ambacho dawa peke yake isingekiondoa: maji. Mama aliyebeba ndoo kichwani kutoka mbali huyapigia hesabu maji yake, na wengi waliamini kuwanawisha watoto uso kunamaliza maji mengi. Baadaye baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya macho tu, vingine dawa pamoja na kampeni ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kwenye vijiji vya kampeni, watoto walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata trakoma kali. Leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za kupambana na ugonjwa huu duniani.

Nilileta chupa ya lita moja kwa Kidato cha Pili, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto. Wanafunzi 12 walinawa uso mmoja baada ya mwingine, na maji yalibaki. Mwalimu wa Hisabati akachukua hapohapo: ndoo ya lita 20 ingenawisha nyuso ngapi? Kisha binti mmoja wa Kongwa akasema bibi yake alikuwa na kibano cha kung'olea kope, akikifunga kwenye pindo la kanga, na jioni humwita mjukuu mwenye macho mazuri amng'olee. Darasa likanyamaza.

"Mitishamba ni ushirikina," au "mitishamba inatosha."

Zote mbili zinapotosha. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kinachosema majani ya mmea uitwao qinghao yalowekwe na kukamuliwa, hakikutaja kuchemsha. Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu hivi. Ikafanya kazi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa ya mseto tunayopewa zahanati kwa malaria ina kiambata kilichotokana na ugunduzi huo. Ni Kemia tupu: vimumunyisho, kiwango cha kuchemka, utenganishaji. Lakini chai ya majani hayo nyumbani haina kipimo cha kuaminika, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kutibu malaria.

"Ratiba haina nafasi."

Hatuombi kipindi kipya. Yule binti nilimwomba aandike simulizi la bibi yake. Mwalimu wa Historia alilipokea kama zoezi la masimulizi ya mdomo, wa Kiswahili kama insha. Karatasi ni moja, ina alama mbili za kalamu nyekundu.