Eti Shule Hazifunzi Pesa?

Kwenye baraza za Lamu utasikia: "Shule zingefunza pesa, vijana wasingezama kwenye mikopo ya simu." Zinafunza, jamani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Kenya 2019, unagusa elimu ya fedha, na mtoto hujua sarafu na noti tangu Gredi ya 1. Hata 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia wa 1985, ilianza na masomo ya vitendo kama kilimo na sayansi kimu.

Kasoro iko kwenye mifano. Nahodha kijana wa Shela hukopa shilingi 1,000, arudishe 1,100 baada ya mwezi. Asilimia 10, kidogo tu! Akirudia kila mwezi, kwa mwaka ada peke yake ni 1,200, kupita mkopo wenyewe. Hiyo ndiyo hesabu ya kuandikwa ubaoni, hata leo, bila kungoja somo jipya.