Heathcliff hakutubu, msidanganyane

Wengi wanakwambia Wuthering Heights ya Emily Brontë, ile ya 1847, ni stori ya jamaa mkorofi, Heathcliff, ambaye mapenzi yalimbadilisha mwishoni, wapi! Someni vizuri, akikaribia kufa Nelly, mtumishi wa nyumbani anayesimulia stori, anamgusia habari ya kutubu, naye anajibu hajamdhulumu mtu na hajutii chochote. Kisasi chake kwa familia za maadui zake anakiacha kweli, ila ni vile hamu imemwishia, hata kuwaangamiza hakumpi raha tena. Mi nakipenda hicho kitabu hivyohivyo, ila Isabella, aliyeolewa na Heathcliff, simwonei wivu aisee, usiku walipotoroka pamoja, Heathcliff alimning'inizia kijibwa chake kwa leso, bila Nelly kukiona kingekufa, halafu baadaye anamcheka mkewe eti alimdhania shujaa wa hadithi za mapenzi.