Ukitaka kujitengenezea heda, tafuta kona kwanza

Wengi wanaotaka kujitengenezea heda, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kila silinda ya injini na kuuunganisha kwenye ekzosi, huanza kwa kununua bomba nyoofu la mita 6, wakishalifikisha nyumbani ndipo wanaulizia nani wa kulikunja. Mimi nakushauri uanzie upande wa pili. Bomba nyoofu halina shida, pita Gerezani, Dar es Salaam, utalipata. Kona yenye mzingo mzuri na tundu lisilobanika ndiyo itakayoamua utumie saizi gani, chuma gani na waya gani wa kuchomelea.

Mashine za kukunjia zilizopo kwa mafundi wengi wa ekzosi husukuma bomba kwa haidroliki, ndani pakiwa patupu. Kwa bomba linalokwenda nyuma kwenye sailensa hakuna neno, mikunjo yake ni mipana. Kwenye heda unageuka digrii 90 katika nafasi isiyozidi kiganja, kwa hiyo upande wa ndani unakunjamana na tundu linakuwa bapa. Viwandani huweka kiini ndani ya bomba wakati wa kulikunja, ndiyo maana kona zao hubaki duara. Njia ya wazee ya kujaza mchanga na kupasha moto bado inafaa kwa bomba nene, ila mchanga ukaangwe mpaka ukauke kabisa. Unyevu ukifungiwa humo unageuka mvuke, na kizibo huruka kama risasi.

Kwa anayeanza napendelea elbo za kuchomelea, yaani kona zilizokwisha kukunjwa, zile za mabomba ya viwandani. Elbo ya inchi 1¼ ya mzingo mrefu hugeuka kwa nusu kipenyo cha kama milimita 48, ukipima kwenye mstari wa katikati. Unaikata kwa grenda digrii unazotaka, 30 au 45, na vipande vinavyobaki vinatumika kwingine. Kwa injini kama 4A-FE ya Corolla, ambayo ni lita 1.6, mimi huanza na elbo 8 za digrii 90 na mita 2 za bomba nyoofu. Ukichagua mtindo wa kuunganisha mbili mbili, silinda 1 huenda na 4, na 2 huenda na 3, kwa sababu moto unafuatana 1-3-4-2.

Wengi hunaswa kwenye saizi. Bomba la kiwandani linaloitwa inchi 1¼ lina kipenyo cha nje cha milimita 42.2, wakati inchi 1¼ halisi ni milimita 31.75 tu. Hilo ni jina, si kipimo. Mabomba ya fanicha na ya ekzosi hupimwa kwa nje kweli: inchi 1½ ni milimita 38.1. Ukinunua elbo za aina moja na bomba nyoofu la aina nyingine, hazitakutana, na hakuna welda wa kuziba pengo hilo vizuri. Nenda na venia, kile kipimo cha kubana bomba, usiulize jina. Pima na unene: bomba la kiwandani la inchi 1¼ la skedyuli 10 (skedyuli ni namba ya unene) lina ukuta wa milimita 2.77, tundu linabaki milimita 36.6, na hilo linatosha kabisa kwa injini ya lita 1.6. Ubaya wake ni uzito, karibu kilo 2.7 kwa mita, maradufu ya bomba la milimita 38.1 lenye ukuta wa 1.5.

Sasa stenlesi ya reli za ngazi, ile inayong'aa kama kioo na kila kijana anaitamani. Nyingi ni daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi ili bei ishuke. Ukuta wake mara nyingi ni milimita 1 hadi 1.2, mwembamba mno kwa kubeba joto na mtikisiko pale kwenye silinda hedi. Muuzaji atatoa sumaku kukuthibitishia kwamba haigandi. Haisaidii, kwa sababu 304, daraja lenye nikeli zaidi, haigandi na 201 pia haigandi. Tena mabomba mengi ya ekzosi ya kiwandani ni daraja la 409, na hilo linaganda vizuri tu. Dai cheti cha kiwanda, au chapa iliyopigwa kwenye bomba lenyewe.

Hata 304 halisi ina mambo yake. Ikipashwa joto hutanuka kuliko chuma cha kawaida: bomba la nusu mita likipanda digrii 600 linaongezeka zaidi ya milimita 5, na usipoliachia nafasi linapasua maungio. Pia inahitaji gesi ya argoni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea, la sivyo upande wa ndani unaungua na kuota chengachenga. Kwa gari la kila siku mimi huchagua chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida. Ukibahatika kwenye chakavu kupata bomba la boila lisilo na mshono, lisiloliwa na kutu, lipime kwenye mizani ulichukue. Kona za ekzosi za magari yaliyotoka Japani nazo ni mali, kata tu sehemu nzima.

Bomba la maji lenye zinki liache. Zinki huchemka kwenye digrii 907, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Kulikwangua nje hakutoshi, ndani nako limepakwa.

Flenji, sehemu inayoshika mabomba kwenye silinda hedi, ni bamba la chuma cha kawaida la unene wa milimita 10. Chora kwa gasketi mpya, kisha lifunge kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu kabla ya kuchomelea, maana litajikunja tu. Ukimaliza lipeleke kwa wenye mashine walisawazishe uso. Kama mabomba ni stenlesi na flenji ni chuma cheusi, waya wa kuchomelea ni 309L. Stenlesi kwa stenlesi ya 304 ni 308L.

Na sensa ya oksijeni: nati ya kuishikia, inayochomelewa kwenye bomba na inayouzwa sana, ni M18 yenye uzi wa milimita 1.5, lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 sensa yake ina kiflenji kidogo cha bolti mbili. Ichungulie yako kabla ya kutoa hela.