Tetra wa Kongo hajapauka, umemmulika mno

Mteja wangu wa Tabata alinitumia picha ya tangi lake jipya la samaki wa mapambo, tetra wa Kongo. "Kaka, niliambiwa hawa wanang'aa. Nimepigwa?"

Hakupigwa. Kwenye picha kulikuwa na samaki sita wa rangi ya bati, wamejibana kona moja, chini changarawe nyeupe, juu taa ya kuumiza macho. Hata mimi ningepauka.

Rangi ya tetra wa Kongo haikupakwa. Sehemu kubwa ni mwanga unaorudishwa na vijisahani vidogo mno vilivyomo ngozini: samaki akigeuka kidogo, buluu inakuwa dhahabu, dhahabu inakuwa kijani. Akiwa na hofu, mng'ao huo hufifia. Halafu wanaouzwa madukani mara nyingi ni wachanga. Dume hufika kama sentimita 8, na ni akikomaa ndipo nyuzi za katikati ya mkia hurefuka na pezi la mgongoni likapepea kama ncha ya kanga. Jike hana urembo huo. (Wataalamu humwita Phenacogrammus interruptus, "iliyokatika", kwa sababu mstari wa ubavuni haufiki mkiani. Ni wa ukoo mmoja na yule samaki mla nyama wa mto Rufiji mwenye meno ya kutisha. Huyu wetu anadonoa wadudu tu na majani.)

Kwao, bonde la Kongo, vijito vingi vya msituni vina maji laini, yaani yenye madini machache, meusi kama chai ya rangi kwa majani yanayooza. Sisi tunampa maji ya kisima cha Dar ambayo hata sabuni haitoi povu.

Mimi hutumia maji ya mvua za masika, nikichanganya na ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Kisha natia majani ya mti wa mkungu, yale makavu ya kahawia yaliyodondoka yenyewe, nikishayasuuza. Usiokote ya kando ya barabara kuu, yana moshi. Na usidanganyike: mkungu hautalainisha maji ya kisima, utayatia rangi tu.

Tabata tukaweka mchanga mweusi, mimea inayoelea, taa hafifu. Wiki ya tatu akanitumia video, madume mawili yanatunishiana mapezi, buluu tupu.

Juzi akapiga tena. Mmoja kamkuta sakafuni. Mfuniko nilisahau kumwambia.