Selimundu, Pombe na Kile Tunachorithi

Katika kila mafunzo ya afya tunayotoa wilayani, swali moja halikosi kuulizwa: je, ugonjwa huu au tabia hii imetoka kwenye damu ya ukoo, au imeletwa na malezi? Swali lenyewe lina kasoro, kwa kuwa linachukulia jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kutoka kwa wazazi, na mazingira kama mahasimu wawili, ambao mmoja lazima amshinde mwenzake. Ugonjwa wa selimundu, ambao Waganda huuita nalubiri, unatosha kuionyesha kasoro hiyo, nami nimeuchagua makusudi kwa sababu hakuna abishaye kwamba ni wa kurithi.

Chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu katika jeni yenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Aliyeirithi jeni hiyo iliyobadilika kutoka kwa mzazi mmoja huwa mbebaji na kwa kawaida haugui. Aliyeirithi kutoka kwa wote wawili, chembe zake hujipinda kama mundu, huvunjika mapema na kuziba mishipa midogo. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliripoti kwamba miongoni mwa watu wa kabila la Baamba wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, takribani watu 45 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Miaka mitano baadaye mtafiti Anthony Allison alieleza sababu: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo palipo na mbu wengi ndipo jeni hii ilipodumu. Uchunguzi wa damu za watoto wadogo karibu 100,000 kutoka kote Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta wabebaji asilimia 13.3 na wagonjwa asilimia 0.7.

Sasa tuwatazame watoto wawili wa miezi minane, wote wagonjwa, ambao viganja na nyayo zao zimevimba hata hawataki kuguswa. Wa kwanza alitobolewa kisigino akiwa mchanga, tone la damu yake likakaushwa kwenye karatasi na kupimwa. Tangu hapo anapewa penisilini kila siku, hulala ndani ya chandarua, na mama yake anajua kwamba homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Wa pili hakupimwa, uvimbe wake unasemekana umetokana na jicho baya la jirani, na wiki zinapita. Jeni zao za selimundu ni zile zile. Hata dawa ya haidroksiyurea, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kuuhusisha mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo, haina faida kwa mtoto ambaye ugonjwa wake haujajulikana.

Nyumbani nako kuna la kusema. Akina baba wengi husema, “Kwetu ugonjwa huu haupo,” kisha lawama zote zikamwangukia mama, ilhali mtoto hawezi kuwa na jeni mbili za selimundu bila moja kutoka kwa baba. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mgonjwa, na mimba iliyotangulia haipunguzi wala haiongezi kitu.

Shuleni, figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kuhifadhi maji, kwa hiyo anakunywa sana, anaomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, na katika bweni huenda akakojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Mwalimu asiyejua huona utukutu na kumnyima ruhusa. Mtoto naye, kwa aibu, huacha kunywa maji, na upungufu wa maji mwilini ni mojawapo ya vichocheo vya maumivu makali ya selimundu. Kilichoanzia kwenye jeni kimepita kwenye tabia, kikaingia kwenye kanuni za darasa, kikarudi mwilini kama ugonjwa.

Ikiwa ugonjwa wa jeni moja uko hivyo, tabia kama ulevi, inayoguswa na jeni nyingi zenye nguvu ndogo ndogo, iko hivyo zaidi. Tafiti za mapacha zimekadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa pombe inatokana na urithi. Kadirio hilo linahusu tofauti ndani ya jamii iliyochunguzwa. Halina maana kwamba nusu ya ulevi wa fulani imetoka kwa babu yake. Mwelekeo wa kurithi pia hauwezi kuonekana kwa mtu asiyefikiwa na kileo. Uganda ilipopiga marufuku waragi, pombe kali, wa vifuko vya plastiki mwaka 2019, jeni za vijana wetu hazikubadilika hata moja, ila kile kifuko cha bei ya chini, ambacho mwanafunzi aliweza kukificha mfukoni mwa sare, kilikuwa kimeondolewa kisheria kwenye rafu ya duka.