Kuenea kwa Jangwa si Mchanga Unaosogea

Wengi huamini kwamba kuenea kwa jangwa ni mchanga wa Sahara unaosogea na kumeza mashamba. Sivyo: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 unalieleza jambo hili kuwa uharibifu wa ardhi ya maeneo makavu, unaotokana na hali ya hewa pamoja na shughuli za binadamu. Huko Shinyanga, Tanzania, mbali kabisa na Sahara, misitu ilifyekwa, kwa sehemu ili kuangamiza mbung'o, na udongo ukabaki uchi. Tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliwahimiza Wasukuma kurejea kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo iyatumie kiangazi, na miti ikachipua upya katika maelfu ya hekta, mingi bila kupandwa, kwa kuwa visiki na mizizi vilikuwa bado hai.